Babu Ana Tahajia Tatu na Miaka Miwili

SWALI: Ninaandika historia ya ukoo wetu. Jina la babu limeandikwa Hamisi katika hati ya shamba, Khamis katika cheti cha ndoa na Hamis katika stakabadhi ya kodi. Pembeni mwa msahafu wa nyumbani imeandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1322, ilhali shangazi anashikilia kuwa alizaliwa vita vya Majimaji vikipiganwa. Nifuate lipi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Ndugu msomaji, chagua tahajia moja iwe jina kuu, ikiwezekana ile aliyoitumia mwenyewe, uifuate daftari zima, chini yake nakili maumbo mengine herufi kwa herufi, ukitaja kila moja limetoka hati gani. Usiisahihishe hati. Wajerumani waliandika Bagamojo na Muansa, kwa hiyo anayetafuta jina lenye y au w katika kumbukumbu za enzi yao huenda akalipita bila kulitambua. Wanawake nao waandikwe kwa majina ya baba zao, hata pale hati inapomtaja mtu kuwa mke wa fulani tu.

Mwaka ndio wenye kazi. Andika "1322 Hijria" kama ulivyoukuta, na kando yake "1904/1905", kwa kuwa mwaka huo ulianza Machi 1904 ukaisha mapema Machi 1905. Majimaji ilianza Julai 1905, mwaka 1323 ukiwa umeshaingia, hivyo msahafu na shangazi hawapatani, ingawa huenda ni kwa miezi michache tu. Usiwapatanishe kwa kubuni tarehe ya katikati. Andika kauli zote mbili, kila moja na mwenyewe. Kisha utazame msahafu upya: ikiwa kuzaliwa kwa babu na kwa wadogo zake kumeandikwa kwa wino na mwandiko uleule, yaelekea yote yaliandikwa siku moja, miaka mingi baadaye, na hapo mimi ningempa shangazi uzito zaidi.

Kwa tarehe za karibuni, taja mwezi kwa jina, maana 3/4/1951 ni Aprili kwetu lakini ni Machi kwa jamaa aliyeko Marekani. Tena, usijaze 1 Januari kwa mtu ambaye siku yake haijulikani, kama makarani walivyozoea. Mwaka peke yake unatosha, ukitanguliwa na neno "takriban" pale unapokisia.