Kwa mnaoanza falsafa ya akili: msimbebeshe Libet asiyoyasema

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya chumba cha semina hapa Kampala nikimsikiliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akitangaza, kwa sauti ya mtu aliyeuona mwezi wa Idi kabla ya wenzake, kwamba mwaka 1983 Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo wa Marekani aliyeona ubongo ukianza kujiandaa kwa tendo kabla ya mtu kuhisi hamu ya kulitenda, alithibitisha kuwa utashi huru haupo. Wenzake wakaandika madaftarini bila kuuliza neno. Nikaamua kuwaandikia, wadogo zangu, kama kweli aliyeamua ni mimi.

1. Someni makala yenyewe, muhtasari hautoshi. Mimi sikuisoma. Siku ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili nilivaa shati la kuazima, nikahitimisha kwa sentensi ileile ya kijana wetu, nikakaa nikisubiri pongezi. Mtahini wa nje, mama mpole wa makamo, alivua miwani akauliza, "Mwanangu, Libet alijuaje ni wakati gani hasa mshiriki alipoamua?" Nikajibu kwamba alitumia elektrodi. "Hizo zilipima ubongo. Mimi nauliza kuhusu uamuzi." Kimya. Nilipoona kimya kinarefuka, nikajaribu mzaha, nikasema huenda akili yangu fiche inalijua jibu. Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. "Basi shahada tuipe hiyo akili fiche," akasema, akaigeuza nakala ya tasnifu yangu na kuchora duara kwenye jalada la nyuma.

Lile duara lilikuwa saa ya jaribio la Libet. Nukta ya mwanga iliizunguka kwa sekunde 2.56, na mshiriki, baada ya kukunja kidole au kifundo cha mkono, alitaja mwenyewe nukta ilikuwa wapi alipohisi kwa mara ya kwanza hamu ya kufanya hivyo. Maana yake hoja yangu yote ilisimama juu ya ushahidi wa mtu kuhusu nafsi yake, ushahidi uleule ambao katika sura ya nne nilikuwa nimeukataa kwa kurasa kumi na moja, nikidai kwamba fahamu haijui yanayotendeka chini yake. Nilimkana shahidi asubuhi, jioni nikamwita mahakamani anitetee. Marekebisho yalinichukua miezi minne, na shati la watu nililirudisha likiwa limechakaa kola.

2. Tarakimu ziandikeni pamoja na mipaka yake. Wimbi la maandalizi ubongoni lilianza takriban milisekunde 550 kabla ya tendo na hamu ikatajwa kuwa ilihisiwa takriban 200 kabla ya tendo hilo, lakini Libet mwenyewe aliona kwamba katika muda huo uliobaki fahamu inaweza bado kulizuia tendo. Watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliotangaza mwaka 2008 kwamba uamuzi huonekana hadi sekunde 10 mapema walipatia takriban asilimia 60, kwenye chaguo la kitufe cha kushoto au cha kulia, ambako hata anayerusha shilingi hupatia 50. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakapendekeza kwamba huenda wimbi lile ni mtikisiko wa kawaida wa ubongo unaojikusanya mpaka uvuke kizingiti, wala si amri iliyokwisha kutolewa.

3. Msichanganye mazoea na minyororo. Nilipohama Kikoni kwenda Bweyogerere, mara tatu miguu ilinifikisha kwenye geti la zamani, ufunguo mkononi, huku kichwa kikisahihisha insha zenu. Mama mwenye nyumba alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele wake. Miguu ilinipeleka bila kuniuliza, nakubali. Lakini nilipotambua niligeuka, nikaenda kutafuta taksi, na nadharia yoyote ya akili fiche inayoeleza kufika kwangu pale getini inadaiwa pia maelezo ya kule kugeuka.

Semina ijayo ni Alhamisi. Atakayesema "Libet alithibitisha" nitamchorea duara ubaoni, naye atatuonyesha nukta ilikuwa wapi.