Hewa Ikishaingia, Itatokea Wapi? Kwa Anayeanza Kubadilisha Gari la Zamani

Gari langu lilichemsha miaka miwili kabla sijaelewa tatizo. Ni MGB ya kizamani, gari dogo la michezo la Kiingereza, niliyoitia injini ya V8 (ya silinda nane), na kila mshale wa joto ulipopanda mimi nilikimbilia kuongeza kitu: rejeta nene zaidi, feni ya pili, kisha feni yenye nguvu kuliko zote mbili. Nikiwa kwenye foleni nilipata nafuu. Nikishika barabara kuu, mshale ulirudi palepale. Hewa ya kuingia ilikuwepo ya kutosha tangu mwanzo, ila haikuwa na pa kutokea.

Hilo ndilo nataka ulishike kabla hujatoa hela mfukoni. Hewa haipiti kwenye rejeta kwa kuwa tu kuna uwazi mbele. Inapita kwa kuwa presha ya mbele ya rejeta imeizidi presha ya nyuma yake. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, upepo unaogonga uso wa gari una nguvu ya kupandisha maji kwenye mrija kwa milimita 47 hivi, basi. Huo ndio mtaji wako wote. Ukiweka injini kubwa mahali palipotengenezewa ndogo, hewa ya moto inabanwa kati ya injini, manifoldi (mabomba ya kuingiza na kutoa hewa yaliyoshikana na injini) na ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari, presha ya humo ndani inapanda, na hewa mpya inakwepa pembeni mwa gari badala ya kupenya.

Mtaji huo unaweza kuupima mwenyewe. Chukua mrija mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, uukunje kama herufi U, utie maji yenye rangi kidogo. Ncha moja ifunge mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake, mbali na upepo wa feni, na sehemu iliyokunjwa ije ndani ya gari. Mwenzako asome, wewe uendeshe. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo, tofauti ya maji ilikuwa ndogo kiasi kwamba tulihitaji rula kuiona. Sikununua feni nyingine tena.

Kabla ya kugusa bati lolote, jiulize gari linachemsha lini. Likichemsha limesimama au kwenye foleni, tazama feni. Feni ni duara na rejeta ni ya pembe nne. Isipokuwa na kava linaloifunika rejeta nzima, pembe zote hazipati upepo. Hakikisha pia nyaya hazijageuzwa, maana feni ya umeme ikizunguka kinyume inapigana na upepo wa barabarani. Likichemsha kwenye mwendo, tatizo si upungufu wa feni. Hapo tafuta njia ya kutokea hewa, rejeta iliyoziba ndani, au hosi ya chini iliyolegea ambayo pampu inainyonya mpaka inabonyea. Na taimingi, yaani wakati cheche inapowasha mafuta, uiangalie mapema: cheche ikichelewa, mwako unaendelea hadi vali ya ekzosi inafunguka, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linaishia kwenye silinda hedi. Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa. Maji matupu yakishikiliwa kwa presha ya bar 1 zaidi ya ile ya nje yanachemka karibu na nyuzi 120, si 100. Thamostati, ile vali inayofungulia maji yakishapata joto, usiitoe. Iache ifanye kazi yake.

Kazi ya bei ndogo kuliko zote, na ambayo wengi wanaoanza huidharau, ni kuziba mianya. Hewa hufuata penye wepesi. Ukiacha nafasi ya vidole viwili kila upande wa rejeta, hewa itapita hapo na kuyaacha yale mapezi membamba ya rejeta. Vipande vya bati la alumini na sponji ngumu vinatosha. Wenye Volkswagen Beetle wanalijua hili vizuri: injini yake hupozwa na hewa, na mpira unaoizunguka ukikosekana, hewa ya moto ya chini hupanda na kuvutwa tena na feni.

Sasa njia ya kutokea. Nilifanya kosa ambalo naliona kwenye magari mengi: niliinua boneti upande wa nyuma kwa kuweka washa (vile vipete vya chuma vya bolti) kwenye bawaba. Gari likisimama, mvuke wa joto ulipanda vizuri. Likikimbia, mambo yaligeuka, kwa sababu chini ya kioo cha mbele upepo hugonga na kujikusanya, presha inakuwa kubwa, na hewa inaingia ndani badala ya kutoka. Bandika nyuzi za sufi juu ya boneti kwa selotepu, mtu akupige picha kutoka gari la pembeni, halafu ncha ya mrija ule iweke sehemu mbalimbali za boneti. Mara nyingi presha ndogo utaikuta mbele, si mbali na nyuma ya rejeta. Hapo ndipo pa kutoboa, ukishapima na si kabla.

Chini nako usipasahau. Bati la chini ya bampa nililitoa kwa kuwa lilinisumbua kwenye kumwaga oili. Kumbe ndilo linalozuia upepo usijikusanye chini ya injini, likaacha presha ndogo inayovuta hewa ya moto itoke. Nilipolirudisha na kuziba mianya, maji kwenye mrija yalisogea kwa kuonekana wazi, na feni ya pili nikaitoa. Ilikuwa inaziba njia.

Ekzosi ni jiko lililo ndani ya chumba. Kwenye MG RV8 ya 1993, MGB iliyofufuliwa kiwandani kwa injini ya V8, mabomba ya ekzosi yalipitishwa kwenye fenda za ndani, na joto kubwa likaondoka karibu na injini. Wenye MGB za V8 wengi wameiga. Kuyafunga kwa utepe wa joto kunasaidia, lakini utepe hushika unyevu na chuma huliwa na kutu.

Gari likishaacha kuchemsha barabarani, bado kuna dakika kumi baada ya kuzima. Upepo umekoma, maji hayazunguki, joto la chuma linapanda hadi kwenye kabureta na petroli inachemka humo. Ukirudi, gari linakataa kuwaka. Weka kizuizi cha joto kati ya kabureta na manifoldi, bomba la petroli lihamishe mbali na ekzosi, na feni ya umeme ipe relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) itakayoiacha izunguke kidogo baada ya kuzima. Kama gari lako bado linazalisha umeme kwa dinamo ya zamani, badilisha kwanza uweke altaneta, ambayo hutoa umeme mwingi zaidi, maana feni moja inaweza kula karibu umeme wote inaotoa dinamo hiyo.