Kayongo, sangari na maswali mengine ya palizi

Mwalimu, shamba langu limejaa kayongo, lile gugu la striga. Naing'oa kila msimu na mahindi yananyauka vilevile. Nakosea wapi? (Mama, Siaya)

Mama, kung'oa si kosa. Ila ukiiona juu ya udongo, imeshafyonza mizizi ya mahindi kwa wiki kadhaa. Ikiachwa ichanue yale maua ya zambarau, mmea mmoja humwaga maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hulala ardhini zaidi ya miaka 10. Ing'oe kabla ya maua, uichome.

Kazi kubwa iachie desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Mbinu hii imefanyiwa utafiti na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, ng'ambo ya feri ya Luanda Kotieno. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, nyasi ya nepia ikazunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kayongo kisha huzizuia kushika mzizi wa mahindi, zikafa kwa njaa. Harufu yake nayo humfukuza nondo wa funza wa mabua, akaenda kutaga kwenye nepia.

Msimu wa kwanza desmodiamu hukua polepole, kwa hiyo palilia kwa mkono. Inaniuma kuona watu wakiing'oa wakidhani ni gugu! Ikishika, usiilime tena: ikate, ulishe ng'ombe. Mbegu ni ghali, lakini jirani akiwa nayo, omba vipande vya shina uvipande kama marando ya viazi.

Nililimisha kwa trekta, nyasi ya sangari ikazidi. (Njoro)

Ndugu, diski ya trekta ndiyo iliyokuponza. Ilikatakata mizizi, kila pingili ikawa mche. Ngoja kiangazi cha Januari, chimbua kwa jembe la meno, kung'uta udongo, anika mizizi juani mpaka ivunjike mkononi. Ni kazi nzito, sikufichi. Anza na kipande unachoweza kukimaliza, kisha ukifunike kwa viazi vitamu.

Gugu maji la ziwani pale Dunga, Kisumu, linafaa kutandazwa kwenye sukuma wiki?

Linafaa. Likaushe kwanza, mbali na ziwa na mabwawa ya samaki. Nchi kavu halioti.

Samadi ya mbuzi inaniletea magugu. (Bondo)

Unaipeleka shambani ikiwa mbichi. Irundike, inyunyizie maji, chomeka fimbo katikati. Baada ya siku chache fimbo ikitoka moto, geuza rundo ili ya pembeni iingie ndani, ipate nayo joto hilo linaloua mbegu za magugu. Rudia mara tatu hivi.