Kwa nini povu la sabuni linatoka mviringo hata ukipulizia kwenye waya wa pembe nne?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko darasa la 5, juzi kakunja waya ukawa pembe nne, kachovya kwenye maji ya sabuni, kapuliza, povu likatoka mviringo. Akakunja pembetatu, mviringo tena. Ananiuliza povu linajuaje kuwa liwe mviringo, na mimi sina jibu. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba. Kwanza mpe hongera huyo mtoto, maana kabadilisha kitu kimoja tu, umbo la waya, vingine kaviacha vilevile alafu akaangalia nini kinatokea. Nafundisha fizikia sekondari na hilo huwa nalirudia kila muhula.

Sasa iko hivi. Molekyuli za maji, yaani chembe ndogo mno zinazounda maji, zinavutana. Iliyo katikati inavutwa na majirani wa pande zote, ila iliyo juu kabisa haina jirani upande wa hewani, kwahiyo uso wa maji unakaa kama ngozi iliyovutwa ambayo muda wote inataka kusinyaa. Wengi wanadhani sabuni inaongeza huo mvuto, hapana, inaupunguza mpaka karibu theluthi moja ya ule wa maji matupu, na ndo maana utando, yaani ile ngozi nyembamba ya maji ya sabuni, unakubali kutanuka. Alafu sabuni inafanya kazi ya pili ambayo mimi naipenda sana: sehemu ya utando ikianza kukonda, sabuni ya pale inakuwa imetawanyika, mvuto wa pale unapanda, unayavuta maji ya jirani yaje kujaza. Utando unajiziba wenyewe. Maji matupu hayana hiyo kinga, ndo maana povu lake linapasuka hapohapo.

Utando ukiwa bado kwenye waya unafuata umbo la waya kwa sababu umeshikwa kingo zote. Ukipuliza unavimba, unajifunga, unaachia waya, na kuanzia hapo waya hauna usemi tena. Kilichobaki ni ngozi inayotaka kusinyaa na hewa iliyofungiwa ndani inayokataa kubanwa. Sasa chukua hewa lita 1, ukiiweka kwenye boksi lenye pande sawa unahitaji ngozi ya sentimita za mraba 600, ukiiweka kwenye umbo la mpira inatosha kama 484 tu, na hakuna umbo lingine linaloshinda hapo. Hilo lilidhaniwa tangu enzi za Wagiriki, ila uthibitisho kamili wa kihesabu aliutoa Mjerumani Hermann Schwarz mwaka 1884.

Lakini mtoto kauliza povu linajuaje, na swali lake ni zuri kuliko hilo jibu la hesabu. Halijui kitu. Fikiria povu limetoka na kona. Presha ya hewa ndani ni ileile kila mahali, ila kwenye kona utando umejikunja sana, na utando ukijikunja sana unasukuma kwenda ndani kwa nguvu zaidi, wakati pale ulipo bapa hausukumi kabisa. Kwahiyo kona zinaingia ndani, ubapa unavimba nje, na hiyo vuta nikuvute haiishi mpaka mkunjo uwe sawa kila upande, na mkunjo sawa kila upande ndo mviringo wenyewe. Mwambie alitazame povu pale linapoachia waya, ataliona linatikisika kidogo kabla ya kutulia, ni kona zinapotea hizo. Na nguvu yenyewe ni ndogo mno, povu lenye upana wa sentimita 4 presha yake ya ndani inaizidi ya nje kwa paskali 5 hivi, wakati hewa inayotuzunguka ni kama paskali 100,000.

Akitaka kuuona huo mvuto kwa macho, fanyeni hivi leo jioni. Tumieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi chukueni ya mvua, povu litadumu zaidi, na kijiko cha sukari kinasaidia maji yasikauke haraka. Kunja waya wa duara upana wa kiganja. Chukua uzi mwembamba wa cherehani, tengeneza kitanzi kidogo, kifunge kwenye waya kwa kipande kingine cha uzi kining'inie katikati. Chovya vyote, inua taratibu. Kitanzi kitakuwa kimelala ndani ya utando kimejipinda ovyo. Sasa toboa utando wa ndani ya kitanzi tu, kwa ncha ya kijiti kikavu. Kitanzi kitaruka ghafla na kuwa duara kamili, kwa sababu utando wa nje unakivuta pande zote sawa na ndani hakuna tena wa kushindana nao. Mwache atoboe yeye.