Spidi ipo, lakini simu za ofisini zinakatika
Mkuu, umesema kipimo cha spidi kinasoma megabiti 20 safi, ila simu kati ya matawi yenu mawili zinakatika kila asubuhi. Spidi haikuambii kitu hapo. Sauti ya G.711, njia ya kawaida ya kugeuza sauti ya simu kuwa data, haili hata kilobiti 100 kwa sekunde. Kinachoiua ni paketi (vipande vya data) kuchelewa, kupotea, au kufika kwa kuyumbayumba, yaani kwa nafasi za muda zisizo sawa.

Kwa kuwa ruta zote mbili ni Cisco, washa IP SLA ya udp-jitter, kipimo cha ubora wa njia kilichomo ndani ya ruta zenyewe. Moja inatuma paketi za majaribio, nyingine inajibu. Iache ipime siku nzima. Kuchelewa kwa njia moja kusizidi milisekunde 150, ndivyo ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inavyopendekeza katika mwongozo wake wa G.114; upotevu usifike asilimia 1, kuyumba kusipite milisekunde 30.

Yalinikuta hayo hayo. Grafu ya kuyumba ilitulia mpaka saa nne na dakika tano, ikaruka ghafla hadi milisekunde 90. Kumbe bakapu ya seva! Niliihamishia usiku, sauti nikaipa alama ya DSCP 46 (namba kwenye paketi inayoiambia ruta ni ya aina gani) na foleni yake ya kipaumbele. Video ipe 34, na tafadhali usiiweke foleni moja na sauti, itaimeza.