Wasomaji Wauliza: Mombasa sanaa iko wapi?

SWALI: Salaam mhariri. Nimehamia Mombasa kikazi, nakaa Tudor. Nairobi nilizoea kwenda thieta wikendi, huku natafuta posta sioni, naona madisko na mahoteli ya watalii tu. Wenzangu ofisini wanasema sanaa Mombasa ilikufa zamani. Ni kweli?

JIBU: Dadangu karibu Mombasa, na kwa hilo wenzako usiwasikize. Wewe umezoea sanaa ya kukata tiketi, na hapa kwetu iliyo nzito zaidi iko harusini. Taarab ya Mombasa imekulia huko, marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, ile ala ya nyuzi, aliyefariki 2016, na marehemu Juma Bhalo, mwimbaji aliyetuacha 2014, watu walikuwa wakikesha nao harusini na zile kanda zinarekodiwa papo hapo halafu zinazunguka pwani nzima. Kina mama nao wana ngoma zao, wana lelemama, wana chakacha, wana vugo la kugonga pembe, na wanaume wana kirumbizi, ule mchezo wa fimbo. Kwa hivyo jirani akikualika nenda tu usione haya, vaa ukapendeza, na simu iache mkobani manake upande wa kina mama mabuibui yamevuliwa na hawataki picha.

Kinachoniuma mimi ni harusi nyingi sa hivi kuita DJ peke yake, mpiga udi akawa hana kazi, sasa kijana ataendelea kujifunza udi ale nini? Wenye harusi tunaweza kubadilisha hilo, hata kama ni usiku mmoja tu wa taarab ya kupigwa kwa mikono.

Thieta zipo pia. Little Theatre Club iko Mnazi Mmoja Road, kuna Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, na vijana wa mashairi na muziki utawakuta kituo cha Swahilipot, karibu na Fort Jesus. Pita mwenyewe uulize ratiba, posta usizingoje. Na ukishafika hapo ingia Mji wa Kale kwa miguu uangalie milango ya nakshi, usiharakishe, kila fundi alikuwa na mkono wake.

SWALI: Mimi ni wa Likoni. Tumebishana kijiweni, bango ni muziki wa nani hasa?

JIBU: Kaka, hapo mtaje Mzee Joseph Ngala wa Freretown na saksafoni yake, ndiye aliyeusimamisha. Ndani yake mna ngoma za Wamijikenda, mna taarab, mna rumba na jazz, ndio maana kila mmoja hapo kijiweni anasikia kwao. Ila msibishane kwa rekodi za simu tu, siku bendi ikipiga karibu nendeni wote mkalipe kiingilio.