Kayaki ya kaboni: wepesi hautokani na kitambaa peke yake

Mleta uzi ameuliza kama fundi akitoa kitambaa cha faibaglasi na kuweka cha nyuzi za kaboni, kayaki (ile mashua nyembamba ya kupiga kafi) inakuwa nyepesi moja kwa moja. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi, na jibu langu ni hapana. Kitambaa kinachangia, lakini uzito mkubwa usio na faida ni resini iliyozidi, yaani ile gundi ya majimaji inayoganda na kushika kitambaa.

Kazi huanzia kwenye kalibu, moja ya mwili wa chini na nyingine ya sitaha. Zinapakwa nta tabaka kwa tabaka ili chombo kisigandie humo, kisha jelikoti, yaani tabaka la nje la resini linalong'aa. Kwenye kayaki za mashindano jelikoti hupakwa nyembamba sana au huachwa kabisa, maana inalinda na kupendezesha, ila haiongezi nguvu.

Kaboni ni kakamavu, lakini ikigonga mwamba hupasuka. Aramidi, nyuzi za sintetiki kama ile Kevlar aliyoigundua Stephanie Kwolek wa DuPont mwaka 1965, huvumilia kishindo. Taabu yake ni kwamba mkasi wa kawaida hauikati vizuri na msasa unaitoa manyoya. Ndiyo maana wengi huweka kaboni nje na aramidi ndani. Sakafuni, anapokaa mpigakafi, huwekwa povu gumu jembamba katikati ya tabaka: ukakamavu unapanda sana kwa gramu chache.

Sasa resini. Ukiipaka kwa brashi na rola, mara nyingi inafika nusu ya uzito wa kazi au zaidi. Kwa ombwe inaweza kushuka hadi karibu theluthi. Vitambaa hupangwa vikiwa vikavu, juu yake kitambaa cha kubandua, wavu wa kupitishia resini, halafu plastiki iliyozibwa kwa utepe pande zote. Pampu ikishavuta hewa, mimi hufunga valvu na kuitazama geji kabla ya kuchanganya chochote. Mshale ukirudi hata kidogo, kuna tundu. Nainamisha sikio kwenye utepe, napita nao polepole mpaka nisikie mluzi. Resini ikiingia kabla tundu halijazibwa, utapata viputo ndani ya ubavu na hakuna dawa.

Kuunganisha mwili na sitaha ndiko kunakochosha: ukanda wa kitambaa chenye resini unabandikwa kwa ndani, brashi ikiwa imefungwa kwenye fimbo ndefu ili ifike omo na tezi.

Kwa anayetaka kununua: mulika tochi ndani. Ukiona madimbwi ya resini inayong'aa kwenye kona na kando ya mkuku, huo ni uzito unaoulipia bure. Unatakiwa kuona ufumaji wa kitambaa waziwazi, sawasawa kila mahali. Kisha ipime kwenye mizani mwenyewe. Kwa mbio fupi za kasi (sprint) za K1, yaani kayaki ya mtu mmoja, kanuni za kimataifa zinataka isipungue kilo 12, kwa hiyo kushuka chini ya hapo hakukusaidii kwenye mashindano hayo.